Ngazi Zilizo Chini ya Sakafu

Watu wakiniuliza ninafanya kazi gani, huwa ninajibu kwamba ninapima visiwa. Wengi wanafikiri ni visiwa vya Ziwa Kivu, na wananiuliza habari za sambaza, wale dagaa wa ziwani. Mimi si mtu wa subira nyingi, na swali la pili la sambaza hunikuta nimeshanuna. Basi ninasema ukweli: visiwa vyangu ni vya madini ya risasi, hii hii inayokaa ndani ya betri za magari, na ukivipanga mamia kwenye mstari mmoja bado havijafika upana wa unywele. Hapo hubadilisha mazungumzo, na ninajua wanamhurumia mama yangu aliyenisomesha.

Kazi yenyewe si ngumu kuielezea, ila watu hawataki kuisikiliza mpaka mwisho. Unachukua kibao cha silikoni kilichosafishwa kupita kiasi. Unakifungia ndani ya chombo cha chuma kilichonyonywa hewa yote, unakipoza vizuri, kisha unapasha risasi moto pembeni mpaka mvuke wake utue juu ya kibao kama umande. Mtu angetegemea risasi itandae sawasawa, kama chokaa ukutani. Haitandai. Inajikusanya na kusimama katika visiwa, vyenye juu tambarare na kando zilizochongoka. Na visiwa hivyo havikubali urefu wowote tu. Vya tabaka saba za atomi ni vingi, vya tano na vya tisa vipo, lakini vya sita au nane unavitafuta kwa tochi.

Sababu iko ndani. Katika kipande cha madini zimo elektroni, na zikibanwa mahali pembamba namna hiyo, kati ya sakafu na paa, zinaishi kama mawimbi. Wimbi lazima lienee kati ya sakafu na paa bila kukatwa. Urefu ukizifaa, kisiwa kinatulia. Usipozifaa, atomi zinahama, zinatoka kisiwa hiki na kwenda kile, mpaka kila kimoja kipate urefu wa kukaa kwa amani. Nilipoelewa hilo mara ya kwanza nilifikiri: kumbe nyumba haijengwi na fundi peke yake, inajengwa pia na wanaolala ndani.

Nililisoma jambo hili Goma, halafu nikapelekwa miezi kadhaa kwenye labo ya nchi ya baridi, ambako nilikuwa mtu pekee asiyelalamikia baridi, maana nimekulia Nyamitaba, juu milimani. Huko ndiko nilikoona picha ambayo siisahau. Kibao cha silikoni, hata ukikisafisha vipi, kina ngazi: atomi zinashuka hatua kwa hatua kama mlima uliolimwa matuta. Kisiwa kimoja cha risasi kilikuwa kimekaa juu ya ngazi kadhaa kwa pamoja. Juu kilikuwa tambarare kabisa, lakini chini kilikuwa kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine, kufuatana na ngazi. Tulipopitisha sindano ya chombo chetu juu yake, ikiwa karibu kugusa, elektroni zilijibu tofauti kila unene ulipobadilika. Picha ikatoka na mistari, mmoja mwangavu, mmoja wenye giza. Ngazi zilizofukiwa zilionekana kutoka juu, na hakuna aliyechimba.

Nilicheka peke yangu mbele ya mashine. Mwenzangu akauliza kuna nini. Nikamwambia hiyo ni nyumba ya baba yangu, naye akatabasamu kwa adabu kama mtu asiyeelewa.

Baba hakupenda kuchimba mlima. Watu wengi kwetu wakitaka kujenga hukata mteremko kwa jembe mpaka wapate mahali palipo sawa, wanasimamisha mbao na mabati, basi. Baba alikuwa akisema mlima ukiukata utakudai siku ya mvua. Yeye alipanga mawe meusi katika ngazi tatu za kushuka, akazungushia ukuta wa mawe, kisha akajaza udongo mpaka juu pakawa sawa, ndipo fundi akasimamisha mbao na mabati. Ilifika siku ya kukanyaga sakafu. Majirani walikuja na watoto wao, wakapanga mistari, wakaimba na kukanyaga kuanzia asubuhi, na kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikapita katika bidoni moja ya njano. Mimi nilikuwa mdogo lakini nilikanyaga mpaka nyayo zikawaka. Baadaye mama akasiriba kwa mavi ya ng'ombe na majivu. Mgeni aliyeingia hakujua kama chini ya miguu yake kuna ngazi.

Masikio ndiyo yaliyojua. Mvua ikinyesha, mama alitwanga sombe, majani ya muhogo, ndani. Kinu kikiwa karibu na mlango, sauti ilikuwa fupi na ngumu, kwa sababu mawe yalikuwa karibu. Katikati ilibadilika. Upande wa chini kabisa, karibu na kitanda chao, ambako udongo ulikuwa wa kina, sauti ilikuwa nzito na ya chini. Mama alipenda kutwangia pale. Baba alikuwa akilalamika kutoka kitandani, "Unanitwangia kichwa." Mama alijibu kwamba kichwa hicho kikitwangwa vizuri huenda kikalainika. Walitaniana hivyo miaka yote. Halafu baba akaugua, ugonjwa mrefu wa kifua, na siku za mwisho hakulalamika tena. Mama akisimama kupumzika, baba alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Twanga tu. Nikisikia, ninajua uko hapa."

Alifia pale. Tulimzika kwenye makaburi ya misioni. Muda si mrefu vita vikatufikia, tukakimbilia Goma, na nyumba za mbao zikabaki bila watu. Nyumba ya mbao isiyo na mtu haidumu kwetu. Wanaopita wanahitaji kuni, na wanaofuata wanahitaji mabati.

Mwaka mama aliporudi Nyamitaba, mimi nilikuwa Walikale kumsalimia kaka yangu. Yeye anafanya kazi Bisie, kwenye mgodi wa madini ya bati. Zamani alichimba kwa nyundo na kubeba mgongoni msituni. Sasa anaendesha mashine na kuvaa kofia ngumu. Nilimweleza kazi yangu kama ninavyomweleza kila mara, na kila mara anauliza swali moja.

"Ile risasi yenu, munatiaka kilo ngapi?"

"Hata vumbi la kujaza ukucha halifiki."

"Sisi tunatoa mulima muzima, weye unahesabu vumbi," akasema. "Na njo weye banakuita dokta."

Alikuwa anacheka, lakini hakuwa na raha. Alinionyesha chumba alichokuwa amekiandaa nyuma ya nyumba yake, na chandarua kipya kikining'inia. Kilikuwa cha mama. Mama alikuwa amempigia simu akasema kuna ubishi juu ya kiwanja, na kama hapewi mahali pake, basi anakuja Walikale, hakai Nyamitaba mahali pa mtu mwingine. Kaka alifurahi na akaogopa kwa wakati mmoja. Mama ni mtu wa mlima na ukungu. Joto la msitu wa Walikale lilimlaza mara mbili alipokuja kutembea, na mara ya pili tulifikiri hatuondoki naye.

"Enda umupatie mahali pake," kaka akaniambia. "Hapa atakufa, na nitakuwa mimi njo nilimuita."

Sitaisimulia barabara ya kutoka Walikale mpaka kwetu. Anayeijua anaijua, na asiyeijua hataniamini. Nilifika nimejaa matope na hasira, nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda cha kuazima, mbele ya kibanda cha kuazima, anachambua maharage.

Ubishi ulikuwa hivi. Zamani kulikuwa na nyumba mbili pale kwenye mteremko, ya juu na ya chini, ambazo mbao na mabati yake yalisimamishwa na fundi mmoja, zikafanana kwa nje kama mapacha. Moja ilikuwa yetu. Nyingine ilikuwa ya rafiki wa mama, mjane kama yeye, ambaye watu wote tunamwita Mama wa Mikaratusi kwa sababu ya miti aliyokuwa nayo. Sasa miti yote ilikuwa imekatwa, yake na yetu, visiki vimeachwa kila mahali. Njia iliyopita kati ya nyumba ilikuwa imehamishwa na maji ya mvua. Udongo ulikuwa umeporomoka, majani yameota. Kiwanja cha juu kilionekana wazi, tambarare. Cha chini kilikuwa kimefunikwa. Na akina mama wawili, waliokuwa wakipeana chumvi na makaa ya moto kwa miaka, kila mmoja alisema cha juu ni chake.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Hilo lazima niliseme. Wala haikuwa njaa ya ardhi, kwa sababu viwanja vilikuwa sawa, na kapita, yaani mkuu wa kijiji chetu, alikwisha kusema atakayekosa cha juu atapata cha chini. Lakini mama alitaka mahali alipolala baba. Alikuwa amefikiria hilo miaka yote ya Goma, katika nyumba za kupanga ambamo sakafu ni saruji na majirani hawajui jina la mumewe. Alitaka kuzeeka pale. Mahali pengine popote kwake palikuwa ugenini, na akiwa ugenini, afadhali aende kwa mwanawe.

Niliuliza kwa nini hawachimbi waone. Kapita alinitazama kama nimetukana. Kwetu anayepiga jembe la kwanza mahali penye ubishi amejitangaza mwenyewe, na hapo ubishi unageuka ugomvi. Hata kung'oa majani ni kosa. Kwa hiyo viwanja vyote viwili vilikaa hivyo, na msimu wa mvua ulikuwa unakaribia.

Usiku ule nililala bila shida. Niliamka nikiwa na wazo kichwani, na nikakasirika kwamba halikuja mapema. Sindano yetu haikuchimba kisiwa. Ilipita juu tu, ikasikiliza.

Asubuhi tulikutana kwenye kiwanja cha juu: kapita, Mama wa Mikaratusi, mama, mimi, na majirani wachache waliosema wanapita tu. Nilimgeukia Mama wa Mikaratusi, nikauliza mbele ya wote, "Mama, bwana yako alijengaka namna gani?"

Akajibu, "Alikata mulima. Kila muntu anajua. Papa yako njo alimuchekaka sababu ya ile."

"Na sisi tulijaza juu ya mawe?"

"Ngazi tatu," mama akasema. "Weye mwenyewe ulikanyaga."

Basi nikaeleza. Mahali palipokatwa, chini ni mlima ule ule mgumu, sauti itakuwa moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mahali palipojazwa juu ya ngazi, sauti itabadilika kila unene unapobadilika. Hatuchimbi, tunagonga tu. Kapita alifikiri kidogo, akauliza kama kugonga ni kulima. Wote wakakubali kwamba si kulima. Akatuma mtwangio uletwe.

Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa kama mtu aliyeandika hitimisho kabla ya kupima, jambo ambalo ninawakemea wanafunzi wangu kila mwaka. Nilisimama upande wa juu, nikainua mtwangio, nikauachia. Sauti fupi, ngumu. Vizuri, nikasema, hapa ni mlangoni, mawe yako karibu. Nikasogea. Sauti fupi, ngumu. Nikasogea tena, katikati, nikagonga kwa nguvu zaidi, kama vile nguvu ingesaidia. Fupi, ngumu. Nilipofika ukingo wa chini, ambako kwa hesabu yangu mama alikuwa anatwangia sombe, nilikuwa sitaki kugonga tena.

Niligonga. Ilikuwa sauti ile ile.

Nilihisi uso unawaka. Nilikuja kumpa mama yangu mahali pake, na nilikuwa nimempokonya mbele ya kijiji kizima, kwa njia niliyoileta mimi mwenyewe. Mama alinyoosha mkono, akachukua mtwangio, akagonga mwenyewe hapa na pale. Halafu akaurudisha kwangu.

"Hapa hapana kwangu," akasema.

Nilitaka kusema labda udongo umeshikana kwa mvua za miaka, labda tupime siku nyingine. Maneno hayo yapo, na ni ya kisayansi kabisa ukiyapanga vizuri. Mama hakuningoja. Alimgeukia rafiki yake na kumwambia amsamehe.

Mama wa Mikaratusi alikuwa amejishika kiuno. Akasema, "Mwenzangu, uliniibia chumvi, uliniibia moto, na sasa ulitaka kulala pa bwana yangu mupaka kufa?"

Mama akaangua kicheko. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo tangu baba afe. Walishikana mabega, wakacheka mpaka machozi, na baada ya muda yalikuwa machozi tu. Kapita alitazama upande wa milima akijifanya anahesabu ng'ombe wa mtu.

Ubishi ukawa umekwisha, kwa hiyo jembe likaruhusiwa. Tukashuka chini. Mama wa Mikaratusi mwenyewe ndiye aliyepiga jembe la kwanza, kwa niaba yetu, ili isiwepo siku ya mtu kusema mama alishindwa na kinyongo kikabaki. Majani yakatolewa, udongo ulioporomoka ukasukumwa pembeni, haukuwa mwingi. Chini yake kulikuwa na sakafu iliyokanyagwa, imepasuka lakini bado sawa. Walinipa nafasi nianze upande wa juu.

Niligonga, ikajibu kwa sauti fupi na ngumu. Nikasogea, ikabadilika. Nilirudi nyuma hatua moja nikasikia mpaka wenyewe, mahali ngazi ya kwanza inapoishia, nikagonga tena hapo hapo bila sababu. Nimepima visiwa vingi na kuona mistari mingi kwenye skrini, na sijawahi kurudia kipimo kwa raha tu. Nikavuka ngazi ya pili. Kisha nikafika upande wa chini kabisa, nikainua mtwangio na kuuachia, na sauti ikatoka nzito, ya chini, kama ilivyokuwa nilipokuwa ninalala kwenye mkeka upande wa pili wa pazia.

Mama alikuja polepole. Alipima kwa macho kutoka pale nilipogonga, akasogea kidogo kuelekea ukuta ambao haukuwepo tena. Akavua kitenge chake cha juu, akakitandika juu ya udongo. Nilifikiri anataka kusali. Akalala chali, viatu miguuni, mikono kifuani, mahali kilipokuwa kitanda, upande wa baba. Majirani waliokuwa wanapita tu wakaona ni wakati wa kupita.

Nilisimama na mtwangio mkononi. Nilifikiri nimsaidie kuinuka, ardhi ilikuwa na unyevu na kifua chake si cha kuchezea.

"Twanga," akasema, amefumba macho.

Nikatwanga mara moja, nikaacha, nikamtazama.

"Twanga tu," mama akasema. "Nisikie vile alikuwaka anasikia."